Kabla ya Kununua Mashine ya Kuchomelea, Pima Chuma

Mazungumzo na wakazi wa Tassia, Embakasi



Ukiinua macho popote katika mtaa huu, kitu cha kwanza kuonekana baada ya ukuta ni chuma. Kuna geti la ploti, grili ya dirisha, mlango wa duka, reli ya ngazi, uzio wa balkoni ghorofa ya tano na stendi ya tangi la maji juu ya paa. Karibu kila kimoja kimeshikwa na mshono wa kuchomelea ambao mtu aliupaka rangi juu na hakuna aliyeutazama tena. Mtoto anaegemea mshono huo kila siku. Mama anaanika blanketi zilizolowa maji juu yake.

Miaka ya nyuma kazi hii ilikuwa ya fundi peke yake, kwa kuwa mashine yenyewe ilihitaji watu wawili kuibeba. Siku hizi mashine ya inveta inaingia ndani ya mkoba na kuning'inizwa begani. Inauzwa kwenye hadwea na kwenye simu, na kijana mwenye akiba kidogo anaweza kuinunua akaanza kazi kesho yake. Hilo ni jambo jema. Lakini swali analouliza mnunuzi wengi wakati ni hili: ipi ina nguvu zaidi? Swali hilo limewatia watu hasara. Wengine wamenunua mashine inayotoboa kila bomba inayoguswa. Wengine wamechomelea chuma kinene kikashika juu juu kama ubandiko wa gundi. Swali la kwanza linapaswa kuwa la chuma: ni kinene kiasi gani? La pili ni la stima: nyaya za nyumba zinabeba nini? Jina la mashine na rangi ya boksi vinafuata baadaye.

Tuanze na chuma chenyewe. Mafundi wetu wanahesabu kwa geji, na geji huwachanganya wageni kwa sababu inakwenda kinyume: namba ikipanda, chuma kinakuwa chembamba. Geji 18 ni takriban milimita 1.2, geji 16 ni kama milimita 1.5 au 1.6, na geji 14 inakaribia milimita 2. Bomba la mraba, lile mafundi huliita skwea tyubu, ambalo hutengenezea fremu za milango na grili, mara nyingi liko kati ya milimita 1.2 na 2. Vyuma bapa na vile vyenye umbo la herufi L, vinavyotumika kwenye stendi na fremu za mageti makubwa, huanzia milimita 3 na kwenda 5 au 6. Bodi ya gari ni nyembamba kuliko vyote hivi, haifiki hata milimita 1. Na isisahaulike kwamba bomba lililoandikwa geji 16 dukani si lazima liwe geji 16 likipimwa. Mtu akinunua kipimo cha vernia cha bei nafuu atajua ukweli kwa sekunde tatu, na huenda kikamwokolea pesa nyingi kuliko mashine yenyewe.

Sasa, kwa nini unene una maana kubwa hivyo? Kuchomelea ni kuyeyusha. Moto wa umeme kati ya ncha ya rodi na chuma huyeyusha vyote viwili, kisha vinapoa vikiwa kitu kimoja. Chuma chembamba hakina mahali pa kupeleka joto, kwa hiyo kikizidishiwa amperi kinatoboka. Chuma kinene nacho hufyonza joto kama sufuria kubwa ya maji baridi. Kikipewa amperi chache, rodi inayeyuka na kumwagika juu, lakini chuma cha chini hakijayeyuka. Kwa macho kazi inaonekana imeisha. Mshono una tumbo zuri la mviringo na ukipakwa rangi unapendeza. Ukipigwa nyundo unabanduka mzima mzima.

Kati ya makosa hayo mawili, la pili ndilo la kuogopwa. Shimo kwenye bomba linaonekana, na fundi atalaani kisha atalijaza. Mshono usiopenya hauonekani mpaka siku ya kubeba uzito.

Mafundi duniani wana kanuni ya haraka ya kukadiria: kwa chuma cha kawaida, kila milimita moja ya unene inataka karibu amperi 40. Basi bomba la milimita 1.5 linataka kama amperi 60, na chuma cha milimita 3 kinataka kama 120. Kanuni hii ni ya kuanzia tu. Kona, pembe na mshono wa kusimama hubadilisha hesabu, na ukishavuka milimita 3 haitumiki tena vile vile, kwa sababu ambayo itaelezwa hivi punde. Rodi nayo ina kiwango chake. Rodi ya milimita 2 hufanya kazi vizuri takriban kati ya amperi 40 na 65. Ya milimita 2.5, ambayo ndiyo inayouzwa zaidi, huenda kati ya 60 na 95. Ya milimita 3.2 hutaka kati ya 90 na 130. Mipaka halisi huandikwa kwenye paketi na kiwanda, na inafaa isomwe kabla paketi haijageuzwa kuwa ya kuwashia jiko.

Ukiziweka hesabu hizo pamoja utaona jambo ambalo wauzaji hawalisemi sana. Kazi nyingi za nyumbani, yaani grili, geti dogo, kitanda, meza, kibanda cha kuku, ziko kati ya amperi 40 na 120. Mashine inayotoa amperi 140 au 160 za kweli inatosha na kubaki. Na kwa mtu atakayeshughulika na bomba nyembamba, namba ya chini ina maana kuliko namba ya juu. Je, mashine inaweza kushikilia moto bila kuzimika ikiwekwa amperi 40 au 45? Kuna mashine za bei rahisi ambazo zikishushwa hapo zinakohoa tu: rodi inanata, inang'olewa, inanata tena. Mwenyewe anapandisha kitufe ili iwake, na bomba linatoboka. Analaumu mkono wake kumbe tatizo ni mashine.

Na vile vinene? Watu hudhani chuma cha milimita 6 kinahitaji mashine ya amperi 300. Hakihitaji. Kinahitaji subira. Kingo za vyuma viwili husagwa kwa grinda ziwe na mteremko, zikikutanishwa zinafanya bonde la umbo la V. Mshono wa kwanza unapitishwa chini kabisa ya bonde kwa rodi ndogo, magamba yanagongwa na kusuguliwa kwa burashi ya waya, kisha unafuata wa pili juu yake na wa tatu, mpaka bonde lijae. Kwa njia hiyo mashine ya amperi 130 inaweza kuunganisha chuma kinene kwa usalama. Bila bonde, hata mashine kubwa mkononi mwa mvivu itaacha katikati ya chuma wazi.

Jua kali ya Nairobi ina mashine yake ya zamani inayostahili heshima: transfoma ya kusukwa kwa mkono, ile ya chuma wazi yenye koili nene, ambayo imetengeneza mageti ya nusu ya jiji hili. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972 kuhusu Kenya ndiyo iliyofanya ulimwengu uanze kuzungumza juu ya kazi za aina hii kama sekta kamili, na serikali yenyewe ilitoa sera ya biashara ndogo na jua kali mwaka 1992. Lakini mafundi walikuwa wakichomelea kabla ya karatasi hizo zote. Transfoma haiogopi vumbi, na ikiungua fundi wa koili anaifungua na kuisuka upya. Ubaya wake ni kwamba huchagua amperi kwa hatua chache tu, kwa kuhamisha waya kutoka bolti moja hadi nyingine, na hatua ya chini mara nyingi bado ni kali kwa bomba la geji 18. Tena nyingi hazina kifuniko wala waya wa ardhini. Fundi aliyezizoea anajua asiguse wapi. Mtoto anayepita na miguu iliyolowa maji hajui.

Inveta ni nyepesi, na kitufe chake kinateleza kutoka chini hadi juu bila hatua. Hutoa umeme wa mkondo mmoja, kwa hiyo moto wake hutulia, na fundi anaweza kubadilisha nguzo: kwa chuma chembamba, rodi ya kawaida ikiwekwa upande wa hasi hupunguza ukali wa kupenya. Kwa nyumba, na kwa anayejifunza, inveta ndiyo chaguo la busara. Lakini ndani yake ni elektroniki. Feni yake huvuta unga wa chuma kutoka kwa grinda iliyo karibu, unga huo hukaa juu ya bodi, na siku ya unyevu hutokea mlipuko mdogo na harufu mbaya. Mashine iwekwe mbali na grinda, na mara kwa mara ipulizwe vumbi ikiwa imechomolewa.

Kuna mashine za waya pia, zinazoitwa MIG, ambazo hulisha waya mwembamba badala ya rodi. Kwa bodi ya gari na mabati membamba hizo ni bora kuliko rodi kwa mbali. Zinazotumia gesi hazipendi upepo, kwa sababu upepo hupeperusha gesi inayokinga mshono, na juu ya paa la Tassia upepo haukosi. Zipo za waya wenye unga ndani ambazo hazihitaji mtungi. Mtu ambaye kazi yake yote ni magari azifikirie hizo. Chuma cha pua hutaka rodi zake maalum. Alumini ya madirisha haichomelewi kwa inveta ya kawaida ya rodi, na muuzaji anayesema inawezekana bila shida aombwe aonyeshe papo hapo.

Tuje kwenye stima, kwa maana hapa ndipo jirani anapoingia.

Kwenye boksi za mashine nyingi ndogo kumeandikwa 250, 300, hata zaidi. Mnunuzi anaweza kuipima ahadi hiyo kwa kalamu akiwa amesimama dukani. Kwa mashine za rodi, volti za moto hukadiriwa hivi: 20, ongeza asilimia 4 ya amperi. Kwa amperi 300 inakuwa volti 32. Zidisha 32 kwa 300, unapata wati 9,600. Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Gawanya, unapata amperi 40 zinazovutwa ukutani, na hapo hujahesabu zinazopotea ndani ya mashine. Soketi yetu ya pini tatu ni ya amperi 13. Basi mashine yenye plagi ya kawaida ya soketi inayodai amperi 300 ama haizitoi, ama itajaribu kuzitoa na kuyeyusha kitu fulani.

Fanya hesabu hiyo hiyo kwa amperi 100. Volti 24, wati 2,400, amperi 10 ukutani, na ukiongeza zinazopotea umeshafika au kupita ukingo wa soketi. Kwa amperi 60 za bomba nyembamba unavuta kama 7 au 8, na hapo soketi nzuri inapumua. Kwa lugha nyingine, anayechomelea grili za geji 16 anaweza kutumia soketi yenye nyaya safi. Anayetaka kukaa kwenye amperi 120 na zaidi anahitaji laini yake kutoka kwenye bodi, yenye waya mnene na swichi yake ya kukata, kama ile ya shawa ya maji moto. Laini hiyo ifungwe na fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA. Si kazi ya binamu mwenye bisibisi.

Mpangaji ana mzigo wa ziada. Katika ploti nyingi meta ya mwenye nyumba inagawanywa kwa meta ndogo za vyumba, na waya unaopanda ghorofani ulihesabiwa taa, televisheni na pasi. Mashine ikiwaka chini, taa za juu zinafifia na kurudi, zinafifia na kurudi. Kufifia huko ni dalili kwamba waya unabeba zaidi ya uwezo wake, na sehemu inayopata joto iko ndani ya ukuta ambako hakuna anayeiona. Ikizidi, mashine izimwe na mwenye nyumba aambiwe. Ekstensheni ndefu na nyembamba huongeza shida, na ikiachwa imezungushwa kwenye gurudumu lake hupata moto kama jiko. Ikunjuliwe yote, na iwe fupi kadiri inavyowezekana. Jioni stima ikiwa dhaifu, hata inveta nzuri inaweza kukataa kuwaka. Basi kazi ifanywe asubuhi, ambapo hata majirani hawatalalamika sana kuhusu kelele.

Kuna namba nyingine ndogo kwenye kibandiko cha nyuma ambayo watu huiruka: asilimia ya muda wa kazi. Ikiandikwa asilimia 60 kwa amperi 120, maana yake katika kila dakika 10 mashine inaweza kuchomelea kwa amperi 120 kwa dakika 6, kisha ipumzike 4. Ikiwa ni asilimia 20, ni dakika 2 tu. Kwa kazi za nyumbani hiyo si mbaya, kwa sababu muda mwingi hupotea katika kupima, kukata na kugonga magamba. Kwa anayetaka kufungua kibanda cha kazi ni mbaya sana. Ikumbukwe pia kwamba kiwango cha kimataifa cha mashine hizi hupimwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, na Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600. Hewa yetu ni nyepesi na hupoza kidogo. Mashine iachiwe nafasi.

Dukani, mnunuzi asiende mikono mitupu. Abebe vipande vitatu vya chuma kile kile anachotarajia kukichomelea, kwa mfano bomba la milimita 1.2, bapa la milimita 3 na kipande cha 6. Aombe mashine iwashwe. Bomba jembamba lichomelewe kwa rodi ya milimita 2 ikiwa amperi zimeshushwa chini. Bapa la milimita 3 lichomelewe upande mmoja, kisha libanwe kwenye jiliwa na lipigwe nyundo kuelekea mshono ufunguke. Likikunjika bila mshono kupasuka, vizuri. Likibanduka, atazame ndani: sehemu iliyoshika kweli ina mikwaruzo ya kijivu kama chuma kilichovunjika, na sehemu isiyoshika inabaki laini, na alama za grinda bado zinaonekana. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Atazame pia alama ya ubora ya KEBS, urefu na unene wa nyaya za mkononi, na kama clampu ya ardhini ni ya chuma kizito au bati la kupinda kwa vidole. Aulize vipuri na nani anayerekebisha hapa Nairobi. Garanti ya duka lisilo na fundi ni karatasi.

Na huenda, baada ya hesabu zote, mtu akagundua hahitaji mashine. Mwenye geti moja lililolegea bawaba ampe kazi fundi wa mtaani. Tassia haina uhaba wao. Mashine inayotumika mara moja kwa mwaka hukaa chini ya kitanda ikila vumbi, na mikono yake mwenyewe haipati mazoezi.

Sasa jambo zito. Zipo kazi ambazo anayejifunza hapaswi kuanzia, hata kama ana mashine nzuri kuliko fundi. Uzio wa balkoni. Reli na ngazi za nje. Stendi ya tangi. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5 zimekaa juu ya vichwa vya wapangaji, zikishikwa na mishono michache. Watu wa mtaa huu hawahitaji kukumbushwa uzito ni nini. Desemba 2019 jengo la ghorofa liliporomoka hapa Tassia na watu wakafa. Msiba ule haukuwa wa kuchomelea vyuma, lakini tangu siku ile mwenye nyumba yeyote anayesema itashika tu, Mungu yupo, anapaswa kuulizwa maswali. Kazi za kubeba watu na maji zipewe fundi ambaye vyuma vyake vimepimwa na mtu wa uhandisi, na mwenye nyumba asipunguze unene wa chuma ili abakishe pesa za rangi.

Grili za madirisha nazo zina suala ambalo halihusu unene. Chumba chenye mlango mmoja na dirisha lililochomelewa grili isiyofunguka ni mtego moto ukitokea mlangoni. Fundi anaweza kuweka sehemu ndogo yenye bawaba na kufuli la ndani, ufunguo ukikaa mahali watoto wakubwa wanapajua. Gharama ni bawaba mbili na saa moja ya kazi. Wakazi wa Embakasi waliouona moto wa gesi wa Mradi, Februari 2024, wanaelewa kwa nini saa hiyo moja inalipa.

Kuhusu mwili wa mchomeleaji, kuna mazoea mawili mtaani ambayo yanafaa kuachwa. La kwanza ni miwani ya jua. Haizuii mwanga wa kuchomelea. Mtu hasikii kitu mchana, kisha usiku wa manane anaamka akihisi kama macho yamejaa mchanga. Inatakiwa kofia ya uso yenye kioo cha giza namba 10 au karibu na hapo, na pazia la turubai kwa ajili ya watoto, maana watoto hawawezi kuacha kutazama cheche. La pili ni maziwa. Mafundi wengi huamini pakiti ya maziwa huosha moshi kifuani. Maziwa ni chakula kizuri, lakini yanaelekea tumboni, na moshi umeelekea mapafuni. Mwaka 2017 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliuweka moshi wa kuchomelea katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mabomba yaliyopakwa zinki, yale meupe ya maji, humpa mtu homa na kutetemeka usiku ule ule kama malaria, na wapo wanaokimbilia dawa za malaria bure. Rangi ya zinki isagwe kwanza sehemu ya mshono, kazi ifanywe nje, upepo ukitoka upande mmoja, na kichwa kisiwe juu ya moshi.

Anayetaka kazi hii iwe riziki, njia ipo. Vyuo vya ufundi vya mitaani viko chini ya serikali za kaunti, na mtu aliyejifunza kwa fundi bila kukanyaga darasa anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, kuanzia daraja la tatu kwenda la kwanza, na akatoka na cheti kinachotambuliwa. Cheti hicho ndicho mwenye nyumba anapaswa kuomba kuona kabla ya kumpa mtu kazi ya balkoni. Akianza kuchomelea kwa malipo, hata kama ni nje ya chumba chake, anahitaji kibali cha biashara cha kaunti, na afisa wa zimamoto atataka kuona amehifadhi nini karibu na cheche.

Hilo la zimamoto ndilo la kumalizia, kwa kuwa mashine nyingi za nyumbani zitatumika kwenye veranda, kando ya nguo zilizoanikwa, godoro linalokaushwa na mtungi wa gesi wa jirani. Cheche ya grinda huruka mita kadhaa na kuingia mahali mkono haufiki. Kabla ya kuanza, vitu hivyo vihamishwe, mtungi wa gesi utolewe kabisa, na ndoo ya mchanga au kizima moto kiwe karibu. Ndoo ya maji isimwagwe kwenye moto uliogusa mashine kabla plagi haijachomolewa. Kazi ikiisha, mashine ichomolewe, na mtu abaki pale nusu saa nzima akikagua kona, chini ya milango na ndani ya matundu ya ukuta. Akiona moshi ambao hawezi kuuzima mwenyewe, awatoe watu nje kwanza, kisha apige 999 au 112.